Mfalme Gelawdewos na watu waliorudi



Kila mara vita vinapotulia katika maeneo yetu, hata kama ni kwa miezi michache tu, jambo moja hufika mbele ya wazee wa kanisa. Mtu amerudi. Alikuwa msituni pamoja na wenye silaha, au alibaki kijijini walipokuja, akawapikia, akawaonyesha njia, akaapa kiapo chao ili asiuawe. Sasa ameketi kwenye benchi la nyuma. Mbele yake ameketi mama aliyepoteza mume. Baada ya ibada mama huyo anamfuata mchungaji nyuma ya kanisa, anataka kujua kama mtu yule naye atakaribia Meza ya Bwana.

Nimesimama mbele ya jambo hilo zaidi ya mara moja, na sikuwa na jibu la haraka. Lakini katika historia ya Kanisa la Afrika yuko mfalme kijana aliyelikabili, tena si kwa mtu mmoja bali kwa sehemu kubwa ya taifa lake. Jina lake ni Gelawdewos wa Ethiopia. Alitawala tangu 1540 hadi 1559, katika miaka ya mwisho ya vita virefu kati ya ufalme wa Kikristo wa Ethiopia na jirani yake wa Kiislamu, Adal. Maisha yake hayakuwa ya mtakatifu asiye na doa. Yalikuwa maisha ya mtu aliyezaliwa vitani, akaishi vitani, akafa vitani, na ambaye katikati ya hayo yote alifanya mambo machache yanayostahili kukumbukwa na sisi.

Majirani wa siku nyingi

Tusidhani kwamba Wakristo na Waislamu wa sehemu ile walikuwa maadui tangu mwanzo. Waislamu wenyewe wanakumbuka kwamba karibu mwaka 615, wafuasi wa kwanza wa Muhammad walipoteswa Makka, walivuka Bahari ya Shamu wakakimbilia kwa mfalme Mkristo wa Aksum. Akawapokea wala hakukubali kuwarudisha kwa watesi wao. Ujirani ule ulianza na ukimbizi, na mlango uliofunguliwa.

Karne zilizofuata zilileta biashara na ndoa, na pia ushuru na vita. Wafalme wa Ethiopia walikaa katika nyanda za juu zenye baridi, wakalima nafaka. Watawala wa Kiislamu walishika nchi za chini kuelekea mashariki, mji wa Harar na bandari ya Zeila, ambako chumvi, nguo, pembe za ndovu na watumwa vilipita. Wa juu walihitaji bandari, na wa chini walihitaji bidhaa za milimani. Wafalme wa Kikristo walipokuwa na nguvu, walidai ushuru kwa majirani zao Waislamu, wakawashambulia waliokataa. Amiri wa upande wa Zeila, aliyeitwa Mahfuz, naye alizoea kushambulia wakati wa Kwaresima, Wakristo walipokuwa wamedhoofika kwa kufunga. Kila upande ulikuwa na orodha yake ya makaburi.

Hata hivyo damu zao zilikuwa zimechanganyika. Malkia Eleni, mwanamke mwenye hekima aliyeongoza nchi wakati Lebna Dengel, baba yake Gelawdewos, alipokuwa bado mtoto, alizaliwa katika nyumba ya mtawala Mwislamu wa Hadiya. Eleni alifahamu pande zote mbili. Alipoona hatari ikikua upande wa Bahari ya Shamu, alimtuma mjumbe hadi Ureno kutafuta urafiki. Alitaka kulinda nchi yake. Bila shaka hakuona wazi kwamba alikuwa ameonyesha njia ambayo wageni wenye bunduki wangeipita baadaye.

Karibu mwaka 1517 Lebna Dengel alimshinda Mahfuz, na Mahfuz akauawa. Ethiopia ikafurahi. Lakini Mahfuz aliacha binti, Bati del Wambara, na binti huyo akaolewa na askari kijana wa Adal aliyeitwa Ahmad ibn Ibrahim. Waethiopia walimpa jina la Gragn, maana yake mwenye kutumia mkono wa kushoto. Miaka michache baada ya ushindi ule, karibu 1522, Gelawdewos alizaliwa. Deni alilolikuta halikuwa lake, lakini yeye ndiye aliyetakiwa kulilipa.

Mtoto wa kukimbia

Mwaka 1529, Gelawdewos akiwa na umri wa miaka saba hivi, Imamu Ahmad alilivunja jeshi la Lebna Dengel mahali panapoitwa Shimbra Kure. Jeshi la mfalme lilikuwa kubwa zaidi, lakini la Ahmad lilikuwa na nidhamu, na lilikuwa na bunduki kutoka ng'ambo ya bahari. Kuanzia 1531 Ahmad hakurudi tena nyumbani baada ya kuteka, kama ilivyokuwa desturi. Alibaki. Monasteri kubwa ya Debre Libanos ikachomwa. Kanisa la Mekane Selassie, ambalo wageni walilistaajabia kwa dhahabu yake, likageuka majivu. Hata Aksum, mji wa kale ambako imani ilihubiriwa katika karne ya 4, haukupona. Vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono kwa miaka mingi vikaungua kwa usiku mmoja.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanajua maisha ya namna hiyo bila kufundishwa. Baba mfalme, lakini hana mahali pa kulala mara mbili. Leo mlima huu, kesho bonde lile. Habari za asubuhi ni jina la mji ulioanguka, na habari za jioni ni jina la mtu wa nyumbani aliyekwenda upande wa pili. Mwaka 1537 kaka yake mkubwa, Fiqtor, aliuawa. Karibu miaka miwili baadaye mdogo wake, Minas, alitekwa akapelekwa Harar. Mwezi wa tisa 1540 baba yao alikufa huko Debre Damo, monasteri iliyo juu ya mwamba ambao mtu hupanda kwa kamba tu. Gelawdewos akawa mfalme, na umri wake ulikuwa kama miaka 18. Alikuwa mbali, upande wa kusini, pamoja na watu wachache. Ufalme aliorithi ulikuwa jina tu.

Jambo lililoumiza zaidi kuliko miji iliyoanguka ni watu. Wengi sana walikuwa wamegeuka. Waandishi wa Ethiopia walisema kwamba katika kila watu kumi alibaki labda mmoja aliyeshika imani yake. Hiyo ni hesabu ya watu wenye uchungu, lakini inatuonyesha ukubwa wa kidonda. Wengine waligeuka kwa kutishwa na upanga, wengine ili mashamba yao yasichukuliwe. Wako waliofuata nguvu tu, kama maji yanavyofuata mteremko, na wako ambao moyo wao uligeuka kweli. Askari wengi waliopigana chini ya Imamu Ahmad walikuwa wenyeji wa nyanda za juu, watoto wa wabatizwa.

Mtu aliyeandika badala ya kupigana

Katika moto ule alikuwako mzee mmoja mtawa jina lake Enbaqom, yaani Habakuki. Alizaliwa Mwislamu upande wa Yemen, akafika Ethiopia, akasoma na kuuliza maswali kwa muda mrefu, mwisho akabatizwa. Baadaye akawa mkuu wa Debre Libanos. Nyumba yake ilipochomwa, angeweza kuwa mtu wa kwanza kuchochea chuki, maana alikuwa na sababu. Badala yake aliandika kitabu akamwelekezea Imamu Ahmad mwenyewe. Kitabu hicho kinaitwa Anqasa Amin, yaani Mlango wa Imani. Ndani yake alieleza kwa nini aliiamini Injili, akatumia Kurani aliyoijua tangu utoto, na akamsihi yule imamu asiendelee kuchoma makanisa na kuua watawa.

Kitabu hakikusimamisha vita. Lakini kinatuonyesha kwamba hata katika miaka ile walikuwako waliokumbuka kwamba adui ni mtu anayeweza kuzungumziwa. Enbaqom alikuja kuwa mshauri wa Gelawdewos, na naona alama ya mkono wake katika mambo ambayo mfalme huyu alifanya baadaye.

Wageni wenye bunduki

Mwaka 1541 Wareno 400 wenye bunduki walishuka pwani ya Massawa. Kiongozi wao alikuwa Cristóvão da Gama, mwana wa Vasco da Gama, yule baharia aliyepita pwani yetu ya Afrika Mashariki kwenda India. Mama yake Gelawdewos, Malkia Seble Wongel, alishuka kutoka mwamba wa Debre Damo akaungana nao. Mwanzoni mwa 1542 walishinda mapigano kadhaa. Imamu Ahmad naye akaomba msaada kwa Waturuki waliokuwa Yemen, nao wakampa watu mamia wenye bunduki pamoja na mizinga.

Tuangalie jinsi mambo yalivyobadilika. Ugomvi wa majirani wawili juu ya ushuru, malisho na njia ya biashara ulikuwa umekuwa vita vya Lisbon na Istanbul vinavyopiganwa katika mashamba ya watu wengine. Mwezi wa nane 1542 Wareno walishindwa huko Wofla. Da Gama alikamatwa, akateswa, akakatwa kichwa. Ahmad akadhani vita vimekwisha. Akawaruhusu Waturuki wengi waende zao, akabaki na 200 hivi.

Hapo ndipo Gelawdewos alipofika kutoka kusini, akakusanya Wareno waliosalia na Waethiopia walioanza kupata moyo. Mwezi wa pili 1543, huko Wayna Daga, upande wa mashariki wa Ziwa Tana, majeshi mawili yalikutana. Risasi ya Mreno mmoja ilimpata Imamu Ahmad. Alipoanguka, jeshi lake lilitawanyika siku ileile. Watu wengi waliuawa katika kukimbia. Vita vya miaka 14 viligeuka kwa saa chache, na Gelawdewos, mwenye umri wa miaka 21 hivi, akawa mwenye nchi.

Mama wawili

Bati del Wambara, mke wa Ahmad, alikimbilia Harar na askari wachache. Alikuwa amempoteza baba mkononi mwa Lebna Dengel, na sasa amempoteza mume mkononi mwa mwana wa Lebna Dengel. Zaidi ya hayo, mwanawe Muhammad alikuwa ametekwa na watu wa Gelawdewos.

Upande wa pili alikuwako Seble Wongel. Mume wake alikufa akikimbizwa, mwanawe wa kwanza aliuawa, na mwanawe Minas alikuwa bado mateka. Minas alipoletwa Harar, hakuuawa, na husemwa kwamba Bati del Wambara ndiye aliyemwombea. Baadaye Ahmad alimtoa kwa Waturuki wa Yemen, na huko ndiko alikokuwa.

Wajane hao wawili, Mkristo na Mwislamu, walianza kupelekeana ujumbe. Kila mmoja alikuwa ameshika mtoto wa mwenziwe, au aliweza kumfikia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kumpenda mwingine. Lakini kila mmoja alijua usiku wa mwingine ulivyo. Mazungumzo yalichukua muda, maana ilibidi Minas atolewe mikononi mwa Waturuki kwanza. Mwishowe, karibu mwaka 1544, watoto walibadilishana njia, Muhammad akarudi kwa mama yake, na Minas akarudi kwa mama yake. Gelawdewos angeweza kukataa. Mwana wa Gragn mkononi ni silaha kubwa. Alikubali.

Bunduki 400 za Wareno na mizinga ya Waturuki hazikumrudisha mtoto hata mmoja nyumbani. Hao wawili walirudi kwa sababu mama zao walikubali kusema na adui.

Mlango wa kurudi

Sasa tunafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Baada ya Wayna Daga watu walioikana imani walianza kurudi kwa maelfu. Walisimama mbele ya makanisa yaliyoungua. Ndani ya makanisa hayo walikuwamo wachache walioteseka bila kukana, waliokula mizizi porini, waliozika watoto wao njiani. Mnafahamu bila kuambiwa yale yaliyokuwa mioyoni mwao.

Mfalme angeweza kufuata njia rahisi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwaua au kuwanyang'anya wote waliogeuka, na wengi wangempigia makofi. Ya pili ilikuwa kujifanya kwamba hakuna kilichotokea, kila mtu arudi mahali pake, na wenye vidonda wanyamaze. Hakufuata hata moja. Aliwasamehe waliorudi, naye akaliachia Kanisa kazi yake. Kanisa likaweka ibada ya toba kwa ajili yao, yenye kuungama, sala na kuoshwa kwa maji, ili mtu apite mbele ya macho ya wote kutoka nje kuja ndani. Mlango ulikuwa wazi, lakini ulikuwa na kizingiti, na aliyeingia alijua amevuka.

Tangu karne za kwanza Kanisa lilipambana na jambo hili. Katika Afrika ya Kaskazini, siku za Askofu Cyprian wa Carthage, waumini walibishana sana juu ya wale waliotoa dhabihu kwa miungu kwa kuogopa kifo. Wako waliosema hawawezi kurudi kamwe, na wako waliotaka wapokelewe bila neno. Kanisa likajifunza kwamba Petro naye alikana mara tatu kando ya moto, na kwamba Bwana hakumrudishia kondoo kabla ya kumuuliza mara tatu. Kulikuwa na swali, kulikuwa na jibu, halafu kulikuwa na kazi.

Kalamu ya mfalme

Gelawdewos alipata jaribu lingine kutoka kwa rafiki zake. Wareno waliomwaga damu kwa ajili yake walitaka malipo, na malipo hayo yalikuwa imani. João Bermudes, aliyekuja pamoja nao na kudai kuwa patriarki aliyewekwa na papa, alitaka mfalme ajiweke chini ya Roma. Baadaye walifika Wajesuiti, na mwaka 1557 askofu wao, Andrés de Oviedo. Waliwaona Waethiopia kuwa Wakristo nusu, kwa sababu walishika Sabato pamoja na Jumapili, walitahiri watoto, na hawakula nyama ya nguruwe.

Mfalme aliwapa nafasi ya kusema. Alibishana nao mbele ya watu wake, na wenye kumsikia walishangazwa na ujuzi wake wa Maandiko. Lakini hakuwafuata. Aliendelea kupata askofu kutoka Alexandria huko Misri, kama Ethiopia ilivyofanya tangu karne ya 4. Na mwaka 1555 aliandika ungamo la imani, maandishi mafupi tu. Alikiri Utatu na kufanyika mwili kwa Bwana wetu. Halafu akaeleza yale waliyolaumiwa. Sabato hawaishiki kwa namna ya Wayahudi. Tohara kwao ni desturi ya nchi, kama watu wengine wanavyochanja nyuso zao au kutoboa masikio, wala hawaifanyi kwa kutegemea Sheria. Na juu ya nguruwe, kila mtu yuko huru kula au kutokula, kama Paulo alivyofundisha Warumi.

Kwetu sisi Waprotestanti ungamo hilo ni la thamani. Mwaka 1534, Gelawdewos akiwa bado kijana mkimbizi, shemasi mmoja wa Ethiopia aitwaye Mikaeli alifika Wittenberg akaketi na Martin Luther, na Luther akamtambua kuwa ndugu. Karne iliyofuata Mlutheri wa Ujerumani, Hiob Ludolf, alichapisha ungamo la Gelawdewos ili Ulaya ilisome. Mfalme Mwafrika alikuwa ameonyesha tofauti kati ya Injili na desturi, na kwamba Mkristo anaweza kumshukuru aliyemsaidia bila kumpa dhamiri yake. Makanisa yetu, ambayo mara nyingi hupokea misaada kutoka mbali, yana la kujifunza hapo.

Vita vilivyorudi

Ningependa kumalizia hapo, lakini maisha ya mtu huyu hayakuishia hapo. Mfalme aliyewafungulia mlango watu wake waliogeuka hakuwafungulia majirani zake. Karibu mwaka 1550 aliingia Adal na jeshi, akakaa miezi kadhaa akiharibu na kuchoma. Yale yaliyofanywa kwa nchi ya baba yake, aliyafanya kwa nchi ya jirani. Huko nako walikuwako watoto wa miaka saba waliokimbia usiku.

Bati del Wambara, mama yule aliyerudishiwa mwanawe, aliolewa na Nur ibn Mujahid, mtoto wa dada yake Ahmad, kwa nia ya kulipiza kifo cha mume wa kwanza. Mkono uliofungua mlango mwaka 1544 ndio uliotuma upanga mwaka 1559. Tusimhukumu haraka. Tumewaona watu wazuri wakichoka kusubiri haki.

Mwezi wa tatu 1559, katika Juma la Mateso, Nur alimshambulia Gelawdewos. Sehemu ya jeshi la mfalme ilikuwa mbali, ikiongozwa na Hamalmal, ndugu wa ukoo wake, kwenda kuiteka Harar. Gelawdewos aliingia vitani na watu wachache akauawa, umri wake miaka 37 hivi. Kichwa chake kilipelekwa Harar. Na katika kipindi hichohicho watu wa Hamalmal walimuua Sultani Barakat, wa mwisho wa ukoo wa kale uliotawala Adal. Nchi zote mbili zikabaki bila mtawala.

Nur alirudi nyumbani mshindi, akakuta mashamba yameharibiwa. Watu wa Oromo, wafugaji waliokuwa wakipanda kutoka kusini, waliingia katika nchi ambazo hazikuwa na nguvu tena za kuwazuia, upande wa Wakristo na upande wa Waislamu vilevile. Walilishinda jeshi la Nur mwaka uleule. Njaa ikafuata, halafu tauni. Nur alijenga ukuta kuizunguka Harar, nao unasimama mpaka leo. Waturuki walibaki Massawa, waliyoichukua mwaka 1557. Minas, mateka aliyerudishwa na mama yake, akawa mfalme baada ya kaka yake, akatawala miaka minne ya taabu.

Sisi tunaosoma leo

Ndugu atakayesoma habari hizi ili apate sababu ya kumchukia jirani yake Mwislamu atakuwa amesoma vibaya. Katika Maniema na katika miji yetu ya Kivu tunazikana na tunaoana, na vita vyetu vya leo, mnajua, wanaouana mara nyingi wameimba nyimbo za kitabu kimoja. Habari za Gelawdewos zinatuambia jambo lingine. Watoto hurithi madeni ya damu wasiyoyakopa. Anayemwita mgeni mwenye bunduki aje kumaliza ugomvi wa nyumbani atakuta mgeni ana hesabu zake. Na huruma inayoishia kwa watu wa upande wetu huacha mbegu ya vita vinavyofuata.

Lakini nikimwacha mfalme makosa yake, nachukua kwake ule mlango. Wanaporudi, tusiwaue kwa mkono wala kwa ulimi. Tusiwaingize pia kwa kimya, kana kwamba mjane hakuwa na mume. Aliyeua ana hesabu mbele ya sheria, na Kanisa lisimfiche. Lakini aliyekana, aliyeapa, aliyebeba mizigo yao kwa hofu, apewe njia iliyo wazi mbele ya wote: aungame, asikilizwe, aombewe, apewe muda, apewe kazi. Na aliyeumizwa naye apewe muda. Msamaha unaolazimishwa na mchungaji ni mzigo mwingine juu ya mtu aliyekwisha kulemewa.

Mama niliyemtaja mwanzoni hakupata kwangu jibu la siku moja. Wazee walikaa na yule aliyerudi kwa miezi, akasema yale aliyoyafanya, akasimama mbele ya kanisa. Mama aliomba asilazimishwe kumpa mkono, nasi tukakubali. Hata leo hawakai benchi moja. Lakini Jumapili ya Meza ya Bwana iliyofuata walikuja wote wawili, yeye mstari wa mbele, yule mstari wa nyuma, na mkate ukapita kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Bwana wa amani awape makanisa yetu subira ya kulinda mlango, na moyo wa kutoufunga. Amina.